Usaili wa Waombaji wa Chuo: Swali Lipi Uulize, Lipi Uliache

Kila mwaka ikifika Novemba, chuo nilichosoma Marekani hunitumia majina. Wawili, watatu, mwaka wa neema wanne: vijana wa Kigoma, mara nyingine na wa Tabora, walioomba nafasi kule. Kazi yangu ni kukaa na kila mmoja kwa kama saa moja, tuzungumze, kisha niandike ripoti fupi. Silipwi, wala siamui nani apokelewe. Wanaoamua ni watu wa ofisi ya udahili, ambao wana matokeo yake, insha zake na barua za walimu wake. Mimi nina kitu kimoja wasichokuwa nacho: nimemwona.

Kwetu jambo hili bado ni geni. Aliyemaliza kidato cha sita anaingia chuo kikuu kwa matokeo yake ya NECTA, Baraza la Mitihani. Vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, vinajulikana, maombi yanatumwa mtandaoni, na kwa kozi nyingi hakuna anayemwita mtoto kumuuliza habari zake. Kwa hiyo anayeitwa kwenye usaili, uwe wa chuo cha nje au wa ufadhili wa hapa hapa, mara nyingi hajawahi kuhojiwa na mtu mzima asiyemjua. Wa mwisho kumhoji alikuwa mwalimu wa nidhamu.

Na sisi tunaouliza hatujafundishwa pia. Nimekaa mara mbili kwenye jopo la chuo kimoja cha huku kwetu kilichokuwa na nafasi chache za ufadhili wa uuguzi. Waombaji ishirini na wawili, swali la kwanza moja kwa wote: kwa nini unataka kusoma uuguzi? Napenda kusaidia jamii. Kufika saa saba mchana nilikuwa na karatasi ishirini na mbili za watu wanaopenda kusaidia jamii, na nilikuwa nimeshasahau nani alivaa nini, achilia mbali nani alisema nini. Tukaishia kuchagua kwa alama za mtihani, ambazo tulikuwa nazo kabla hatujawasumbua watoto kupanda basi kutoka Kibondo.

Tangu hapo nikawa nayapima maswali kabla ya kuwapima watoto. Kipimo changu ni kimoja: binti wa Kalinzi aliyesoma shule ya kata, na kijana wa shule ya gharama aliyefanyishwa mazoezi na mtu wa kulipwa, wakiulizwa swali hili wanaanza mstari mmoja? Kama jibu ni hapana, swali linapima mfuko wa mzazi.

"Kwa nini" na "siku ile"

Maswali ya "kwa nini" ndiyo yanayotujia haraka mdomoni. Kwa nini chuo hiki, kwa nini kozi hii, kwa nini tukuchukue wewe. Si maswali mabaya, ila yana majibu yaliyokwisha pikwa. Aliyefundishwa atataja jina la profesa na maabara aliyoisoma kwenye tovuti ya chuo. Asiyefundishwa atasema anapenda kusaidia jamii. Umepata kujua nani ana intaneti nzuri nyumbani.

Swali la "siku ile" linaomba tukio. Niambie siku ulipokosea hesabu ya kitu ukagundua mwenyewe. Niambie mara ya mwisho ulipobishana na mtu ukaona kumbe yeye ndiye mwenye haki. Au lile ninalolipenda kuliko yote, ambalo halionekani hata kama swali la usaili: jana ulifanya nini tangu ulipoamka?

Kuna binti mmoja wa pwani ya Ziwa Tanganyika nilikutana naye kwenye benchi chini ya mwembe wa shule aliyosoma, mkuu wa shule akiwa ofisini mlango wazi. Nilianza na swali la kwenye karatasi: nieleze nafasi ya uongozi uliyowahi kuwa nayo. Akasema hana, hata umonita hakupata. Akatazama viatu vyake. Nikaona hapa nimempoteza, nikamuuliza habari za jana.

"Nilikuwa naanika dagaa, mwalimu."

"Unawaanika wapi?"

"Kwenye chanja."

"Mbona wengi huko kwenu wanaanika mchangani?"

Hapo akainua uso. Mama yake alikuwa akianika mchangani miaka yote. Likizo moja yeye akaomba apewe ndoo mbili za dagaa wabichi. Moja akaimwaga mchangani kama kawaida, nyingine akaitandaza juu ya chanja alichokitengeneza kwa miti na nyavu kuukuu. Walipokauka akawapeleka wote sokoni kwa wanunuzi wale wale, bila kuwaambia wepi wameanikwa wapi. Wa chanja, kwa kuwa hawana mchanga, wakapata bei nzuri zaidi.

"Mama akasema ni bahati tu."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudia wiki iliyofuata. Ila siku ya pili yake mvua ikanyesha, wa mchangani wakaharibika wote. Wa chanja niliwahi kuwafunika turubai. Kwa hiyo mara ya pili sikuihesabu, maana haikuwa sawa. Nikarudia ya tatu."

Haikuwa sawa. Sijui kama mnalisikia nilivyolisikia mimi. Huyu binti alifanya jaribio lenye pande mbili, wapimaji wasiojua, na marudio, kisha akatupa matokeo yaliyompendelea kwa sababu mvua iliingilia. Yeye alidhani ananisimulia kazi za nyumbani. Ningebaki na swali la uongozi ningeandika kwamba hana uongozi, nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani.

Swali la "siku ile" lina kasoro zake. Wapo wanaoganda kwa sababu hawajazoea kuona kwamba maisha yao ni habari. Na walimu wa kulipwa wamelijua: siku hizi wanawafundisha watoto visa vilivyopangwa vizuri, tatizo, hatua, matokeo, machozi kidogo. Dawa yake ni swali la pili na la tatu. Ulijuaje? Nani alikupinga? Kabla ya hapo ulikuwa umejaribu nini? Kisa cha kutunga huishiwa pumzi kwenye swali la tatu. Cha kweli hapo ndipo kinapoanza kunoga, na msimuliaji anasahau kwamba yuko kwenye usaili.

Swali linalobeba jibu lake

Hili halihitaji maneno mengi. Swali maarufu kuliko yote yaliyowahi kuulizwa mkoa huu liliulizwa Ujiji mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mzee wa Kiskoti amezungukwa na watu akamuuliza, kwa simulizi yake mwenyewe, kama yeye ndiye Dokta Livingstone. Angekuwa nani mwingine? Mzee akajibu ndiyo. Habari zote za maana zikaja baadaye, walipoketi barazani.

Majopo yetu yamejaa maswali ya ukoo huo. Wewe ni mchapakazi, sivyo? Utavumilia baridi? Uko tayari kurudi kulitumikia taifa? Mtoto aliyelelewa vizuri, akiulizwa na mtu wa umri wa baba yake, atajibu ndiyo kwa yote matatu. Ukiona swali lako linaweza kujibiwa kwa ndiyo na heshima, liache.

"Ungefanyaje" na "ulifanyaje"

Wapo wanaopenda kutunga hali: tuseme umeona rafiki yako wa bweni anaibia mtihani, ungefanyaje? Faida yake ni kwamba hata asiye na kisa cha kusimulia anaweza kujibu, na wote wanapata hali moja, kwa hiyo ni rahisi kuwalinganisha. Hasara yake ni kwamba unapima kama anajua jibu linalotakiwa. Wote tunalijua. Sijawahi kusikia mwombaji akisema angeibia naye.

Ukitaka kulitumia, tunga hali isiyo na jibu la kanisani wala la msikitini. Nimewahi kuuliza: umepewa kusimamia zamu za kuchota maji kwenye kambi ya shule, wenzako wawili wanaumwa kila siku ya zamu yao, na huna hakika kama wanadanganya. Hapo majibu yalitofautiana, na mmoja aliniuliza maswali matatu kabla hajajibu, jambo lililonifurahisha kuliko majibu ya wenzake. Kwa kozi za afya na ualimu ningeweka swali moja la namna hii. Kwa mengine, "ulifanyaje" hulishinda.

Mtindo wa Marekani na mtindo wa Oxford

Wanaotusumbua zaidi ni wazazi waliosikia habari za Oxford na Cambridge wakadhani usaili wote wa nje ni mtihani wa mdomo. Ni vitu viwili tofauti. Vyuo vya Marekani vinavyotumia wahitimu kama mimi vinataka kumjua mtu: anapenda nini, anafikiriaje, ataishije na wenzake. Kule Oxford wanaohoji, kwa kawaida mwezi wa Desemba, ni wahadhiri wenyewe wa somo. Wanakupa jambo usilolijua na kutazama unavyohangaika nalo. Oxford wenyewe hutangaza mifano ya maswali yao. Mmojawapo wa biolojia unauliza kwa nini wanyama wengi wana milia. Hakuna anayekusubiri ukariri.

Nimeujaribu mtindo huo hapa, na nilikosea kwanza. Niliuliza: kwa nini wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mbalamwezi ikiwa kamili? Kijana wa Kibirizi alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini watu wanakula. Anajua, baba yake anavua: usiku wa giza taa zinawavuta dagaa, mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Wa Kasulu, ambaye kwao ni maharage na mihogo, alianza kukisia habari za upepo. Nikawa nimepima nani kazaliwa karibu na maji. Ile kanuni yangu ya mstari mmoja niliivunja mwenyewe.

Sasa ninawapa wote jibu bure, kisha nauliza: utathibitishaje kwamba ni mwanga na si kitu kingine kinachobadilika mwezi unapokuwa kamili? Hapo wa Kibirizi na wa Kasulu wanaanza pamoja. Wa Kasulu, kwa taarifa yenu, alisema angewasha taa zenye nguvu tofauti usiku mmoja wa giza, mahali pamoja, na kuhesabu ndoo. Baada ya hapo akajipinga mwenyewe: boti zikikaa karibu, taa moja itamwibia mwenzake samaki.

Kama unamhoji mtu wa sayansi au hesabu na una dakika arobaini, swali moja la namna hii linatosha. Usiweke mawili, usaili utageuka maabara. Kama unachagua mtu wa kwenda chuo ambacho kitataka ripoti kuhusu tabia na moyo wake, liache kabisa, tumia muda huo kwenye "siku ile".

Orodha moja kwa wote, au mazungumzo huru?

Hapa ndipo watu wa majopo wanapogombana. Mimi kwa asili ni mtu wa mazungumzo, nawaamini watu wanaosema "nikikaa na mtoto dakika kumi namjua". Bahati mbaya ushahidi hauko upande wetu. Mtafiti Jason Dana na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti ambamo wanafunzi waliwahoji wanafunzi wenzao, kisha wakakisia wastani wa alama zao za muhula. Waliopewa alama za nyuma tu, bila usaili, walikisia vizuri zaidi. Lililonikosesha usingizi ni jingine: baadhi ya waliohojiwa walikuwa wameambiwa wajibu kwa kanuni ya kubahatisha, ndiyo au hapana bila kujali ukweli, na wahojaji hawakushtuka. Waliona wamemfahamu mtu.

Upande wa pili kuna majopo ya kupima kwa vituo. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilibuni utaratibu huo kwa waombaji wa udaktari, na mwaka 2004 walichapisha habari zake: mwombaji anapita kwenye vyumba kadhaa, kila chumba msaili mmoja na jambo moja, dakika chache, anasonga. Msaili mmoja akimchukia kwa sababu ya nywele, wengine hawajui. Kwa chuo chenye waombaji ishirini na wawili na walimu watano walio tayari kupoteza Jumamosi, hili linawezekana hata hapa Kigoma, kwa madarasa matano na kengele ya kupokezana.

Nilikofikia mimi ni katikati. Maswali manne ni yale yale kwa kila mtu, kwa maneno yale yale, nimeyaandika. Maswali ya kufuatilia ni huru. Na kabla sijamwita anayefuata naandika maneno halisi matatu au manne aliyosema aliyetoka, si "mchangamfu" wala "anajiamini". Anajiamini ni sifa ya suti.

Kwa anayetaka kuziona aina za maswali kwa pamoja:

| Swali | Linapima nini hasa | Linampendelea nani | Litumie lini |
|---|---|---|---|
| Kwa nini chuo hiki? | Maandalizi | Mwenye intaneti na mwalimu wa kulipwa | Mwisho, kwa dakika mbili, au usiulize |
| Jana ulifanya nini? | Maisha na udadisi | Karibu hakuna | Mwanzo, kwa kila mtu |
| Ungefanyaje? | Kujua jibu linalotakiwa, ila likitungwa vizuri, busara | Msemaji | Afya, ualimu |
| Utathibitishaje? | Kufikiri kwa sauti | Aliyewahi kuruhusiwa kukosea darasani | Sayansi, hesabu |
| Unajivunia nini? | Uzoefu wa kujisifu | Aliyelelewa kizungu | Soma hapa chini |

Kujisifu

Fomu za Marekani hupenda mtoto aseme anajivunia nini. Kwetu mtoto anayejisifu mbele ya mkubwa hupigwa jicho na shangazi. Nimeona vijana wakijibu "sina la kujivunia" kwa adabu kabisa, na kama ripoti ingeandikwa na mtu asiyejua malezi yetu angesema kijana hana mafanikio.

Geuza swali limpitie mtu mwingine. Mdogo wako akikwama, anakuletea nini umsaidie? Mama yako akikutania huwa anakuitaje, na kwa nini? Mwalimu wako akikosa usingizi kwa ajili yako, ni kwa sababu ya nini? Watoto hawaoni haya kunukuu wengine. Mmoja aliniambia nyumbani wanamwita "Fundi Redio" kwa kejeli, kwa sababu aliharibu redio mbili kabla ya kutengeneza ya tatu. Nilipata insha nzima ndani ya jina la utani.

Kuna pia suala la lugha. Mimi huanza kwa Kiswahili, shikamoo ikaitikiwa, safari ikaulizwa, soda ikafunguliwa. Kisha namwambia wazi kwamba sasa tunahamia Kiingereza, na kwamba akikwama arudi Kiswahili bila kuomba radhi. Kwenye ripoti naandika hivyo. Anayeanza kwa Kiingereza tangu salamu anapima woga.

Ana kwa ana au kwa video? Ukiweza, ana kwa ana, mahali pa wazi: shuleni au maktaba. Si nyumbani kwako, na vyuo vingi siku hizi vimekataza hilo. Video ni afadhali kuliko kumsafirisha mtoto siku nzima kutoka Kakonko, lakini mtandao ukikatika mara tatu usimhesabie kimya.

Yasiyoulizwa ni machache na hayana mjadala: kabila, dini, kipato cha wazazi, kama ana mpango wa kuolewa (nimelisikia kwa masikio yangu kwenye jopo, na aliyeuliza alikuwa mwanamke), na vyuo vingine alivyoomba. Alama zake usiziulize pia, wanaozihitaji wanazo. Tena huku Kigoma tuna sababu ya kutoziabudu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960 hakuwa na shahada yoyote, na Cambridge ilimpokea kusomea uzamivu bila ile ya kwanza.

Zamu yake

Mwisho wa kila usaili watu husema "una swali lolote?" na mtoto husema "hapana, asante". Hilo nimeliacha. Siku hizi naweka kalamu chini, nafunga daftari, na kumwambia: dakika kumi zilizobaki ni zako, niulize jambo ambalo tovuti ya chuo haiwezi kukuambia. Kisha nanyamaza, hata kama kimya kinaniwasha. Nahesabu moyoni mpaka thelathini. Ni mara chache nimefika.

Yule binti wa chanja nilifika kumi na nane.

"Mwalimu, ukiwa kule, mtu akikuuliza unatoka wapi, ulikuwa unaanzia wapi kuelezea?"

Nikamwambia nilikuwa naanza na ziwa. Akauliza walielewa? Nikamwambia wengi walidhani naongelea bwawa. Akacheka, kisha akataka kujua nilitumia kipimo gani kuwaonyesha ukubwa wake, kwa sababu urefu peke yake, alisema, ungewadanganya. Ingebidi niwaambie na kina.